Imekufa, Limekufa, Kimekufa

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi Bosi husimama katikati ya ofisi na kusoma habari za tasnia kwa sauti, kama mtu anayetangaza mpira. Tasnia yenyewe ni ya matangazo ya mtandaoni. Mtu akiandika anachokitaka kwenye kisanduku cha kutafutia, mtambo humletea majibu, na juu kabisa ya majibu hayo hukaa matangazo mawili matatu ya watu waliolipia. Nani akae juu, kwa neno gani, kwa saa ngapi: hiyo ndiyo kazi ya wale watu sita wa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Wenyewe wanaiona kubwa kuliko urubani. Ukiwakuta wanabishana juu ya neno moja, nusu saa nzima, mishipa imewatoka shingoni, utadhani wanagawana urithi.

Alhamisi ile Bosi alisoma kwa sauti ya juu kuliko siku zote, maana habari ilikuwa ya moto. Kuanzia mwezi ujao, mtambo ungechagua wenyewe maneno ya kuwekea matangazo. Hakuna tena kukaa na kuumiza kichwa kwamba watu huandika nini. Mtambo umesoma kila kitu, unaelewa kila lugha, kazi kwisha. Mwandishi wa jarida alikuwa amemalizia kwa utani, na Bosi, ambaye hajui kuruka mstari, akausoma pia: "Enyi wachagua maneno, poleni. Kibarua kimeota nyasi."

Ofisi ikalipuka. Huyu anauliza, yule anajibu, kettle inachemka hakuna wa kuizima. Aliyefurahi kupita wote ni Jedwali, mtaalamu wa takwimu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata nguo zake za kufua huziorodhesha kwenye jedwali, soksi safu yake, mashati safu yake. Alipiga meza kwa viganja vyote viwili. "Nimesema mimi! Nimesema tangu mwaka jana!"

Mtu mmoja tu hakupiga meza. Huyo ni Mama Halo.

Mama Halo alikuwa na miaka arobaini na minne, na kati ya hiyo, kumi na miwili aliimalizia kwenye ubao wa simu wa kampuni ya vyombo vya umeme. Wateja aliwajua kwa kikohozi. Mtu akipiga simu amefura, yeye humwacha aseme weee mpaka apoe, kisha ndipo amuulize tatizo ni nini. Halafu siku moja kampuni ikaweka sauti ya kurekodi, ile ya kwa huduma hii bonyeza moja, kwa huduma ile bonyeza mbili, na Mama Halo akapewa saa ya ukutani na cheti cha shukrani. Hiyo saa hajaitundika mpaka leo. Iko chini ya kitanda, imetazama sakafu.

Bosi alimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu baada ya kumsikia akimtuliza mteja mkali pale chini kwenye duka la miwani. Alimpa mteja ambaye hakuna aliyemtaka, Fundi Baridi, fundi wa mafriji na viyoyozi. Fundi aliomba apigiwe simu arobaini kwa wiki. Alikuwa akipigiwa tisa, na katika hizo tisa, mbili ni za watu waliotaka kumuuzia bima.

"Fundi anakuja kesho saa nne," Bosi alimwambia baada ya kusoma habari, akiwa amemsogelea ili wengine wasisikie. "Akibaki, na wewe umebaki, dada. Akiondoka..." Bosi ni kijana mwenye haya zake, na kumwambia mtu wa rika la dada yake mkubwa kwamba atamwaga unga, ulimi ulimkwama.

"Nimeelewa, kaka," Mama Halo alimsaidia.

Uchungu wake ni kwamba alikuwa amejitahidi kweli kweli. Maneno ya Fundi aliyachagua kwa kalamu mkononi na kamusi mapajani: ukarabati wa majokofu, matengenezo ya viyoyozi, huduma za jokofu majumbani. Maneno yaliyonyooka, yaliyovaa tai. Tena palikuwa na ile karatasi ya ukutani juu ya kettle, ambayo ilikuwa fahari yake.

Karatasi hiyo ilizaliwa wiki yake ya kwanza. Kila mteja wa ofisi ile huwekewa orodha ya marufuku, yaani maneno ambayo mtu akiyaandika, tangazo lijifiche. Ni jambo la adabu. Mtu anatafuta habari za mazishi, si vizuri umrukie na tangazo la spana. Bosi alimpa Mama Halo orodha iliyotoka nje aitie kwenye Kiswahili: msiba, jeneza, kaburi, kufa. Mwingine angeandika "kufa" na kwenda zake kunywa chai. Mama Halo, ambaye shuleni Kiswahili hakuwahi kushindwa na mtu, alisema mtambo hautalitambua "kufa" likivaa nguo nyingine. Akakaa siku mbili akalinyambua neno katika ngeli zote, hakubakiza hata moja. Nimekufa, umekufa, amekufa, wamekufa, imekufa, limekufa, yamekufa, kimekufa, vimekufa, zimekufa, pamekufa, na kadhalika mpaka mwisho. Bosi alipoiona alipiga makofi. Aliichapa, akaibandika ukutani, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: HIVI NDIVYO KAZI INAVYOFANYWA. Kwa wiki kumi na moja Mama Halo alichemsha chai chini ya sifa zake mwenyewe, na chai ilikuwa tamu.

Ijumaa alifika ofisini saa moja na nusu, kabla ya wote. Alifuta meza ambayo haikuwa chafu. Alifungua ripoti ya Fundi akaikuta vilevile, simu tisa. Saa mbili kasoro simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwao na ambaye hajawahi kuongea polepole tangu azaliwe.

"Wifi! Umekaa? Kaa kwanza!"

Mama Halo akavuta kiti. "Nimekaa. Kuna nini?"

"Limekufa!"

"Yarabi! Nani kafa?"

"Friji! Friji langu, wifi! Nimeamka maziwa yamechacha, nyama inanuka, ndani humo joto kuliko jikoni!"

Mama Halo akashika kifua. "Wewe, siku nyingine anza na friji. Nusura mje mnibebe hapa kwenye ngazi."

"Acha masihara. Nimeingia mtandaoni kutafuta fundi, naletewa namna ya kukausha nyama. Si ulisema una fundi wako huko unamtangaza usiku na mchana? Mbona simwoni?"

"Umeandika nini?"

"Ningeandika nini? Nimeandika ninavyosema. Friji limekufa."

"Hukuandika jokofu?"

"Jo-nini? Wifi, mimi nina friji. Jokofu ni la kwenye kitabu cha darasa la tano."

Macho ya Mama Halo yakapanda yenyewe ukutani, juu ya kettle. Mstari wa sita. Limekufa. Mstari wa juu yake, imekufa. Chini kidogo, kimekufa.

"Wifi, nitakupigia," akasema, akakata.

Miaka kumi na miwili, jamani! Miaka kumi na miwili ameishi na neno hilo sikioni. Dada, pasi imekufa. Mama, feni limekufa na mtoto halali. Halo, kiyoyozi cha ofisi kimekufa, meneja anatokwa jasho kama bomba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumpigia na kusema jokofu langu linahitaji ukarabati. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na bado alilisahau siku alipokalishwa kwenye kiti kipya mbele ya kioo cha kompyuta, akataka kuongea kama kiti. Kila aliyefiwa na friji katika wiki kumi na moja alikuwa ameandika ukweli wake kwenye kisanduku, na tangazo la Fundi, kwa amri ya Mama Halo, likajificha kwa adabu.

Alifungua kile chombo cha kupimia maneno, ambacho humwambia mtu neno fulani huandikwa mara ngapi kwa mwezi. Akaweka "ukarabati wa majokofu". Kijistari kidogo kikasimama, cha kuonea huruma. Akaweka "friji limekufa". Kijistari kikapanda, kikapanda, kikapita cha kwanza, kikagonga dari ya kioo. Akaweka "friji imekufa", maana wapo wasemao hivyo pia, na hicho nacho kikapanda. Mama Halo akajikuta amesimama, anacheka peke yake, na machozi yanamlengalenga. Alikuwa na hasira na nafsi yake na alikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi.

Akaanza na kazi. Aliingia kwenye orodha ya marufuku ya Fundi. Amekufa na wamekufa akawaacha palepale, watu wabaki na msiba wao kwa amani. Imekufa akaifuta. Limekufa akalifuta. Kimekufa, vimekufa, yamekufa, zimekufa, akafagia wote. Kisha akaandika tangazo jipya, chapuchapu, bila kamusi: "Friji limekufa? Fundi yuko njiani." Akabonyeza. Mtambo ukajibu: Linakaguliwa.

Hapo ndipo alipojua maana ya kukaa roho mkononi. Saa mbili na robo, linakaguliwa. Saa mbili na nusu, linakaguliwa. Wenzake wakaanza kuingia. Jedwali alikuja mbio, begi bado mgongoni, akawasha kompyuta kabla ya kusalimia. "Nimepata nafasi ya majaribio!" alipiga kelele. "Ule mtambo mpya wa kuchagua maneno, wametupa tuujaribu kabla ya watu wote! Nauwasha kwa Fundi Baridi sasa hivi, akifika saa nne tuna kitu cha kumwonyesha!" Bosi akamkumbatia. Mama Halo akarudisha macho kwenye kioo chake: linakaguliwa.

Saa tatu na dakika kumi, kioo kikabadilika. Limeidhinishwa.

Fundi Baridi alifika saa nne kamili, mtu mnene mwenye hatua nyepesi, simu mbili kwenye mfuko wa shati. Walimkaribisha kwenye chumba cha mikutano, ambacho ni kijichumba chenye ukuta wa kioo na viti saba, kimoja kibovu. Fundi akakichagua hicho hicho kibovu. Kikayumba, akakitazama chini kwa jicho la kazi, akahamia kingine.

"Sitawapotezea muda," alisema. "Nyie ni watu wazuri. Lakini simu zangu zimenyamaza kama zimenuniwa. Wiki kumi na moja nakaa karakana napangusa spana ambazo hazijachafuka. Nimekuja kuaga."

Kabla Bosi hajamjibu, mfuko wa Fundi ukalia.

"Samahani," Fundi akasema, akaipokea. "Naam. Limekufa lini? Sawa, mama, nielekeze." Akaandika kwenye kiganja. Alipokata tu, ikalia tena. Safari hii ilikuwa friza ya duka la samaki, imekufa tangu asubuhi, afanye haraka. Akiwa bado anaongea na mtu wa samaki, simu ya pili nayo ikaanza, na Fundi akabaki na moja kila sikio, anazunguka kichumba, anagonga viti. "Kiyoyozi kimekufa? Wapi? Hapana, si wewe, namwambia huyu mwingine!" Kiganja kikajaa. Akahamia kwenye mkono.

Jedwali alisimama juu ya vidole. "Ni mtambo!" alipaza sauti. "Ni mtambo mpya! Nimeuwasha saa mbili na nusu!"

"Basi huo ndio nautaka!" Fundi alijibu, uso unang'aa jasho na furaha. "Nipeni huo huo! Nibaki na mtambo, sitaki kingine!"

Bosi alikuwa anacheka, kisha akamtazama Mama Halo, na kicheko kikapungua. Yalikuwa macho ya huruma. Mama Halo alishawahi kutazamwa hivyo, siku aliyokabidhiwa saa ya ukutani.

Alijua kabisa njia ilivyo. Akinyamaza, kosa lake halitajulikana, na mtambo utapewa sifa, na yeye ataondoka na heshima yake kwenye mkoba. Akisema kwamba simu zile ni zake, itabidi aseme na kwa nini hazikulia kabla ya leo. Huwezi kuuza nusu ya habari. Akapiga moyo konde, akatoka nje ya kichumba, akaenda moja kwa moja kwenye kettle, akabandua karatasi ukutani, akarudi akaiweka mezani mbele ya Fundi.

"Si mtambo," alisema. "Fundi, mimi ndiye niliyekufungia mlango wiki zote kumi na moja. Na mimi ndiye niliyeufungua leo asubuhi."

Akawaeleza yote, kuanzia ngeli mpaka wifi, bila kujipaka mafuta. Simu za Fundi, ambazo hazikuwa na habari, ziliendelea kulia. Fundi aliinua karatasi akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto anayejifunza. "Nimekufa. Umekufa." Akasimama. "Nimekufa? Nani anaingia mtandaoni akaandika nimekufa?"

"Nilitaka kuwa kamili," Mama Halo alisema kwa sauti ndogo.

Jedwali hakukubali kushindwa. "Ngoja, ngoja. Twende kwenye takwimu." Akageuza kompyuta yake ili wote waone maneno ambayo mtambo mpya ulikuwa umejichagulia na matangazo uliyojiandikia tangu saa mbili na nusu. Yeye mwenyewe hakuwa ameyasoma, maana aliyeuamini mtambo hana haja ya kuusoma. Bosi aliinama akasoma, na kwa kuwa Bosi hajui kusoma kimyakimya, akasoma kwa sauti ya mpira: "Friji limekufa. Maneno yanayohusiana: mashada ya maua, majeneza ya bei nafuu, salamu za rambirambi." Akapepesa macho. Akaendelea. "Waliobonyeza: sifuri. Tangazo: Pole kwa kumpoteza Friji. Tupo nawe katika kipindi hiki kigumu. Fundi Baridi."

Fundi akapasuka. Alicheka mpaka akakohoa, akacheka mpaka akakishika kile kiti kibovu na kiti nusura kimwangushe. Bosi alijikunja mezani. Hata Jedwali, masikini, alikuwa anafuta miwani na mabega yanamcheza. "Kumpoteza Friji," alirudia. "Kumpoteza!"

Fundi ndiye aliyenyamaza wa kwanza, na alipomgeukia Mama Halo hakuwa anacheka tena. "Wiki kumi na moja, mama."

"Najua. Nimekukosea, Fundi. Nisamehe."

"Ungekaa kimya, nani angejua?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini umesema?"

Mama Halo aliitazama ile kompyuta ya Jedwali. "Kwa sababu ungebaki na kitu kinachompa friji rambirambi. Na mimi nimeshaondolewa kazini mara moja na sauti ya kurekodi. Mara ya pili sikubali. Kama ni kuondoka, niondolewe na mtu anayejua kwamba pasi hufa."

Fundi alikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati pale simu zilipokuwa. "Hii nitaibandika karakana," alisema. Kisha akamwambia Bosi, kama anaagiza spea: "Mimi nabaki. Ila kazi yangu aishike huyu mama. Huo mtambo upelekeni kwa wauza maua."

"Dada haendi popote," Bosi alisema, na sauti ilimpanda mpaka watu wa nje ya kioo wakageuka. "Na Alhamisi ijayo sisomi habari za watu! Tutaandika ya kwetu, tuwapelekee wao wasome! Dada, utaiandika wewe, neno kwa neno, na lile tangazo la pole lisikose!"

Mama Halo hakupata nafasi ya kujibu, maana simu zote mbili za Fundi zililia kwa mpigo. Fundi alipokea moja, akamtupia nyingine. "Nisaidie hiyo, mama! Mkono umejaa!"

Aliidaka. Mgongo ukanyooka wenyewe na sauti ikatoka pale ilipokuwa imelala muda wote ule, laini, haina haraka. "Habari za asubuhi. Hapa kwa Fundi Baridi, unaongea na mtu. Kimekufa nini?"

"Friji, dada yangu, friji!" Aliyepiga alikuwa anaongea mbio mbio. "Limekufa na nyama yangu ndani! Nimetafuta fundi tangu alfajiri, sasa hivi ndio nawaona nyie juu kabisa. Na nina wifi yangu anafanya kazi hiyo hiyo ya mtandao, lakini kunisaidia? Thubutu!"

Mama Halo alifumba macho, akaegemea ukuta wa kioo, akatabasamu mpaka masikio yakasogea.

"Pole sana kwa kufiwa, wifi," alisema. "Fundi yuko njiani."